Mtafute aliyembeba

Tangu mvua zikatike, safu hii imekuwa ikipokea barua za watoto waliopotezwa na vita wakalelewa ughaibuni, na za ndugu waliobaki huku wakiwasubiri. Tumewapa wazijibu watu wawili wa Dodoma walioizoea kazi hii, mmoja wa ustawi wa jamii na mwingine wa kutafuta ndugu. Barua tumezifupisha, majina tumeyaacha.

Wahariri, salaam. Hapa Kondoa amekuja mama mmoja kutoka Kanada. Ana picha ya watoto waliosimama mbele ya nyumba ya udongo, na anasema mama yake mzazi aliletwa hapa akiwa yatima wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha akapelekwa Kanada. Wazee wanakumbuka kambi ya Wapolandi lakini hawajui majina. Tumwelekeze wapi? – Msomaji, Kondoa

Wazee wako sahihi. Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu maelfu ya familia kutoka mashariki ya Polandi. Baada ya makubaliano ya Polandi na Usovieti ya Julai 1941 wengi waliachiwa, na mwaka 1942 wakatokea Uajemi, na baadhi yao wakaletwa Afrika Mashariki. Hapa Tanganyika kambi kubwa ilikuwa Tengeru karibu na Arusha, yenye watu wapatao 5,000. Ndogo zilikuwa Kondoa, Ifunda, Kidugala na Morogoro. Kambi zilipokuwa zinafungwa mwaka 1949, takribani yatima 150 walitolewa Tengeru wakapitia Italia na Ujerumani hadi Kanada, wakapokelewa na Kanisa Katoliki la Montreal. Serikali mpya ya Polandi ilipiga kelele kwamba watoto wake wameibwa.

Kwa hiyo, kama mama yake alikuwa katika kundi hilo, aliondokea Tengeru, si Kondoa. Hapo kwenu ataweza kujua aliishi vipi, lakini karatasi za safari ziko kwingine. Aanze na Arolsen Archives ya Ujerumani, ambayo ina majalada ya watu waliosaidiwa na shirika la kimataifa la wakimbizi la miaka ile. Ombi hutumwa kwa intaneti na halilipiwi. Halafu Taasisi ya Polandi na Makumbusho ya Sikorski, London, na maktaba ya Hoover huko California, yenye maelezo ya Wapolandi waliotoka Usovieti. Barua za serikali ya kikoloni kuhusu kambi aziulizie Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Majina yana mitego miwili. Kwanza, ukoo wa Kipolandi hubadilika mwisho wake: baba Kowalski, binti Kowalska. Anayetafuta kwa herufi za baba atampita binti. Makarani wa Kiingereza nao waliandika ł kama l ya kawaida na kuziacha alama nyingine. Pili, mji wa kuzaliwa huenda leo uko nchi nyingine na una jina jingine: Lwów sasa ni Lviv ya Ukraine, Wilno ni Vilnius ya Lithuania. Baadhi ya madaftari ya kanisa ya maeneo hayo yalihamishiwa Warszawa, hivyo aulize pande zote mbili.

Na ninyi mlio Kondoa, msiwaulize wazee majina. Mzee aliyekuwa na miaka 8 hawezi kukumbuka jina la Kipolandi, lakini atakumbuka nani alipeleka maziwa kambini, nani alifua nguo, kisima kilikuwa wapi. Mpelekeni mahali penyewe na picha mkononi, asubuhi kabla jua halijawa kali, mumwache aongee. Na mgeni aigeuze picha: mhuri, namba au neno moja la penseli nyuma mara nyingi husema zaidi ya nyuso za mbele.

Ndugu wahariri, shangazi yangu alivuka kutoka Burundi mwishoni mwa 1993 akiwa na mtoto wa marehemu dada yake, wa miaka 3 hivi. Mtoto aliugua kambini, akachukuliwa na wazungu wa hospitali, baadaye tukasikia yuko Ulaya. Nimeweka jina lake Facebook miaka miwili sasa, sijapata hata mtu mmoja. – Msomaji, Nkuhungu

Umeanza na kitu dhaifu kuliko vyote ulivyonavyo. Kwa Warundi na Wanyarwanda kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, kwa hiyo kaka na dada wa tumbo moja wanaweza wasishiriki jina hata moja. Na majina kama Habimana au Niyonzima yamebebwa na maelfu ya watu wasiojuana. Ongeza kwamba mtoto wa miaka 3 aliyelelewa Ulaya bila shaka ana jina jingine, na hili unalolitangaza huenda hajawahi kulisikia.

Fuata mikono. Usimtafute mtoto, mtafute aliyembeba. Kila mara mtoto alipotoka mkono mmoja kwenda mwingine kuna uwezekano karatasi ilibaki: daftari la wagonjwa waliohamishwa, kadi ya mgao, orodha ya gari, kitabu cha misheni. Chukua karatasi moja, keti na shangazi, andikeni kila makabidhiano kwa mstari wake: lini, wapi, nani alitoa, nani alipokea, kwa chombo gani, karatasi gani ilibaki na nani. Tarehe hatakuwa nayo. Muulize ilikuwa kabla au baada ya kipindupindu, maharage yalikuwa yamevunwa, mvua ilikuwa inanyesha. Wale wazungu waliongea lugha gani wao kwa wao? Fulana zao zilikuwa na alama gani? Alitia dole gumba mahali popote? Dole gumba maana yake kuna fomu.

Kisha muulize swali ambalo watu wengi husahau: alipoandikisha mtoto, alijitaja nani? Mtoto alimwita shangazi yako mama, na hakukosea. Karani mgeni aliyesikia “mama” akaandika mama mzazi. Ndiyo maana majalada mengi ya watoto waliolelewa nje yanasema “mama yake alimtoa” wakati mama alikwishafariki, na aliyesimama pale alikuwa mama mkubwa au mama mdogo. Kwa hiyo tafuta kwa majina mawili ya mama, la marehemu na la shangazi. Jambo hili peke yake limefungua majalada yaliyokuwa yamefungwa miaka.

Jambo la tatu ni mlango aliopitia. Mwongozo wa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, unataka mtoto aliyetengana na familia asiasiliwe mpaka juhudi za kutafuta ndugu zimefanyika kwa muda wa kutosha, kwa kawaida si chini ya miaka 2. Hivyo watoto wengi waliofika Ulaya miaka ile hawakupitia mlango wa kuasiliwa kwanza. Walipelekwa kutibiwa, au kwa hifadhi ya muda, na kuasiliwa kukaja baadaye katika mahakama za huko. Mwaka 1994 kuna watoto wa Rwanda waliopelekwa Italia kwa hifadhi ya muda, mahakama za Italia zikaruhusu waasiliwe, na baadhi yao walikuwa na wazazi hai nyumbani. Usianze basi kuulizia faili la kuasili. Anza na rufaa ya hospitali.

Ukishaijaza karatasi yako, nenda Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, uombe huduma ya kutafuta na kuunganisha familia. Ni bure. Watakuuliza majina ya baba, mama na babu, mahali pa asili, mwaka na mahali mlipotengana, na alama za mwilini. Kwa Burundi usiishie kwenye mkoa: watu hujulikana kwa mlima wao, yaani eneo dogo la utawala wanakotoka, kisha komyuni iliyo juu yake. Mlima ukikosewa, mjitolea wa kule anazunguka bure. Kama mtoto alibatizwa, taja parokia na msimamizi wa ubatizo, kwa sababu daftari la ubatizo huandika wazazi na huongezwa pembeni habari za kipaimara na ndoa. Umri uandike kama kipindi, mathalani 1989 hadi 1992. Ukikuta mahali fulani amezaliwa tarehe 1 Januari, ujue karani alikadiria.

Omba namba ya jalada lako na kila ukibadilisha simu kawaambie. Majalada mengi hufa kwa sababu mtu alipatikana na aliyemtafuta hapatikani. Na elewa kwamba wakimpata watamuuliza yeye kwanza. Akikataa, pengine utaambiwa tu kwamba yu hai au utapewa ujumbe, kama ameridhia, lakini anwani hutapewa.

Facebook usiifute, ibadilishe. Weka mahali, mwaka, ugonjwa na alama ya fulana. Lakini alama moja ya mwilini, kovu au kidole, usiitangaze popote. Hiyo ndiyo kufuli ya kuwajaribu watakaojitokeza.

Dada mhariri, mume wangu alitolewa Bukavu mwaka 1996 akiwa mdogo sana, akalelewa Ubelgiji. Sasa tunaishi Area C. Alipima vinasaba kwa kampuni ya nje, ikamuoanisha na mwanaume wa Kongo aliyeko Ufaransa, sentimogani 1,780. Kampuni inasema “ndugu wa karibu”. Huyo bwana amemzidi miaka 20. Ni kaka au ni baba yake mdogo? Tena kuna mama hapa Dodoma anayesema ni shangazi yake. Tumpime vipi? – Mama wawili, Area C

Sentimogani ni kipimo cha urefu wa vipande vya vinasaba ambavyo watu wawili wanashiriki. Mzazi na mtoto huwa karibu 3,400 au zaidi kidogo. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ni kama 2,600. Binamu wa kwanza ni kama 870. Katikati, kwenye 1,750 hivi, kuna rafu moja yenye watu wengi: kaka wa baba mmoja, kaka wa mama mmoja, baba mkubwa au mdogo, mjomba, hata babu. Mume wako na huyo bwana wako kwenye rafu hiyo, na namba peke yake haiwezi kuwatenganisha. Miaka 20 nayo haiamui, maana mzee mwenye wake wawili anaweza kuwa na watoto waliopishana hivyo.

Kuna vipimo viwili vya kusaidia. Kromosomu Y, ambayo wanaume pekee ndio wanayo, hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Vinasaba vya mitokondria hutoka kwa mama kwenda kwa watoto wake wote. Kama Y zao zinafanana na mitokondria zinatofautiana, undugu uko upande wa baba: kaka wa baba mmoja, au ndugu wa baba yake. Kama mitokondria zinafanana na Y zinatofautiana, ni wa mama mmoja, au ni mjomba.

Tuseme imetokea upande wa baba. Sasa ulizeni kama mama wa huyo bwana yu hai na yuko tayari kupimwa. Ikiwa yeye na mume wako hawashiriki kitu, huyo bwana ni kaka kwa baba, mama mwingine. Ikiwa wanashiriki kama 1,750, huyo mama ni bibi yake mume wako, na mwanawe ni baba mdogo au mkubwa. Mate ya bibi mmoja yanamaliza ubishi ambao kompyuta haiwezi kuumaliza. Ila mwambieni kabla kwamba kipimo kinaweza kufichua jambo la nyumbani kwake ambalo hakuna aliyelitafuta.

Bibi anayetumia ugoro asukutue kinywa kwa maji safi, kisha akae nusu saa bila kula, kunywa, kuvuta wala kuweka kitu mdomoni. Mate yajae mpaka kwenye mstari wa kichupa, na povu halihesabiwi. Sampuli nyingi za wazee hushindwa kwa sababu nusu ilikuwa povu. Mdomo ukiwa mkavu, asugue mashavu kwa nje taratibu. Zile asilimia za “asili ya Afrika Mashariki” ambazo kampuni hutuma, zitazameni mkipenda. Waliopimwa kutoka kwetu ni wachache mno, kwa hiyo haziwezi kumpeleka mtu kwenye kijiji.

Kuhusu huyo mama wa hapa, ulizeni kwanza ni shangazi wa namna gani. Kama ni dada wa baba, hana Y, na mitokondria yake si ya mume wako, kwa hiyo vipimo vile viwili havimhusu. Atafutwe kaka yake au mwana wa kaka yake. Kama ni dada wa mama, yaani mama mkubwa au mdogo ambaye watu wa nje humwita tu shangazi, mitokondria zao lazima zifanane. Hapa nchini kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009. Mtu binafsi haendi dirishani kuomba. Ombi hupitia mahakama, polisi, wakili au afisa ustawi wa jamii, na anayepimwa lazima aridhie. Msichukue sampuli yake kuituma nje kabla ya kuuliza hapo, kwa kuwa sheria imeweka masharti. Na mjue kuwa kipimo cha kawaida cha maabara kimejengwa kwa ajili ya mzazi na mtoto. Kwa shangazi na mpwa kinaweza kurudi na jibu la “haikuthibitika”, ambalo si sawa na “si ndugu”.

Mtoto wa jirani yetu alichukuliwa na wageni waliokuwa wakiishi hapa Singida, wazazi wakiwa wakimbizi waliofariki. Walifuata mahakama. Sasa ni mtu mzima, karatasi ziko wapi? – Msomaji, Singida

Amri ya kuasili hutolewa na Mahakama Kuu, na nakala huenda kwa Msajili Mkuu wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, anayetunza rejesta ya watoto walioasiliwa. Kuna kumbukumbu inayounganisha rejesta hiyo na cheti cha kwanza cha kuzaliwa, lakini haiko wazi kwa kila mtu. Hufunguliwa kwa amri ya mahakama. Aende na namba ya shauri kama anayo. Kama hana, apeleke jina la wageni, mwaka na masjala ya mahakama. Sheria ya Mtoto ya 2009 inadai mgeni awe ameishi nchini miaka 3 mfululizo na amemlea mtoto angalau miezi 3 kabla, kwa hiyo kama ilifanyika chini ya sheria hiyo, ofisi ya ustawi wa jamii nayo ina ripoti. Ripoti hiyo huwa na mengi kuliko amri yenyewe: nani alihojiwa, nyumba ilikuwaje, ndugu gani waliulizwa.

Nimepigiwa simu kwamba mjukuu wangu aliyepotea Goma amepatikana Marekani, nitume 180,000 za kufungua jalada. – Bibi, Bahi

Usitume, bibi. Msalaba Mwekundu hautozi, na hakuna jalada la ndugu linalofunguliwa kwa M-Pesa. Mwambie akutajie ile alama ya mwilini. Atakata simu.

Dada yetu Mgogo aliolewa Goma, vita vikamkuta huko mwaka 1996, akafariki. Mwanawe akalelewa Sweden. Amepatikana, vipimo vimethibitisha, anakuja mwezi wa saba. Kijiji kizima kinataka kumpokea barabarani kwa ngoma na kuchinja. Tufanyeje? – Wajomba, Chamwino

Hongereni, wajomba. Ngoma iwepo, ila isiwe siku ya kwanza. Mtu huyu atakuwa ameshuka kwenye gari mbele ya watu 200 wanaofanana naye, wote wanalia, na haelewi neno. Wengi hufungia machozi, wenyeji wakasema ana kiburi, na kutoka hapo kila kitu kinakwenda kombo.

Siku ya kwanza wawe watu watano au sita, ndani, kwa saa mbili. Chagueni mzee mmoja wa kusema. Mkalimani asiwe ndugu, kwa sababu ndugu hupunguza maneno makali na kuongeza yake. Mkalimani huyo mfundisheni kabla ukoo wenu ulivyo. Akisema tu kwa Kiingereza kwamba “hawa watatu ni mama zako”, kijana aliyekuja kutafuta mama mmoja aliyekufa atachanganyikiwa vibaya. Aseme: huyu ni mdogo wake mama yako, na kwa desturi yetu unamwita mama. Ninyi wenyewe ndio mlio karibu naye kuliko wote. Ndugu wa mama wakiwa wanaume ni wajomba, na neno hilo alisikie hivyo hivyo, “mjomba”.

Atauliza kwa nini hamkumfuata. Kubalianeni mapema mtajibu nini, na jibu liwe la kweli hata kama linawatia aibu: hamkujua, hamkuwa na nauli, mlidhani amekufa na mama yake. Familia zinazotoa majibu matatu tofauti kwa siku tatu humpoteza mtu mara ya pili. Habari za ada, bati na kisima zisitajwe safari hii na yeyote, hata kwa utani. Mwenyekiti wa kijiji aambiwe vivyo hivyo.

Mwandalieni karatasi ya ukoo kuanzia babu, kila jina na uhusiano wake kamili, aliye hai na aliyekufa, pamoja na kijiji. Picha za dada yenu zitoleeni nakala, asilia zibaki. Kama mna kanga yake au kitu alichokishika, kitoeni siku ya pili. Chakula kiwe chenu: ugali wa uwele na mlenda vinatosha, na asipoweza mlenda msicheke. Akitaka kwenda kuona nyumba alikozaliwa mama yake mara tu akifika, mpelekeni. Akitaka kulala nyumba ya wageni Chamwino au mjini badala ya kwenu, mwachieni, na asubuhi mmoja wenu aende kumchukua kabla hajaita bodaboda.